Mwanangu ameanza kuogopa shule kwa sababu ya kusoma kwa sauti

Mama wa Igoma
Habari zenu, wazazi na walimu. Mwanangu yuko darasa la nne hapa Igoma, Mwanza. Humsaidia baba yake kupiga hesabu za mauzo ya dagaa pasipo kukosea, lakini herufi zinamchanganya, na aya moja humchukua muda mrefu mno kuisoma. Tangu wenzake waanze kumcheka anaposimamishwa kusoma mbele ya darasa, kila Jumatatu asubuhi hulalamika kuumwa tumbo, na juzi aliniambia kwamba yeye ni mjinga. Kinachoniumiza zaidi ni hilo neno la mwisho. Nianzie wapi?

Mwalimu, Sengerema
Pole sana, mama. Maumivu hayo usiyachukulie kuwa uongo, kwa maana hofu ya mtoto mara nyingi hujitokeza mwilini kabla hajaweza kuieleza. Mwombe mwalimu wa darasa asimsimamishe ghafla, bali ampe kifungu kifupi siku moja kabla ili akizoee nyumbani, au amruhusu ajibu maswali kwa mdomo, ambapo wenzake watausikia uwezo wake. Upimaji wa darasa la nne unapokaribia, walimu tunabanwa na wastani wa shule, na nasema kwa uchungu kwamba mtoto wa namna hii ndiye anayekaripiwa zaidi.

Baba wa Ilemela
Namuunga mkono mwalimu. Binti yangu ana hali hiyohiyo. Tulimweleza waziwazi kwamba ubongo wake huzishughulikia herufi kwa njia tofauti na kwamba hilo si kipimo cha akili. Akaacha kujilaumu, ijapokuwa kusoma kwenyewe bado kunamtesa. Nakusihi, dada, usimwondoe kwenye hesabu za dagaa ili kumwongezea tuisheni.

Afisa elimu maalumu mstaafu
Apimwe kwanza macho na masikio; hospitali ya Bugando huduma hizo zipo. Kisha muulize mwalimu mkuu kama kuna mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wale wanaohitimu chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha. Akikosekana, iandikie ofisi ya elimu ya halmashauri, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi katika elimu. Katika barua hiyo eleza habari za tumbo na za kuchekwa, usiishie kwenye alama, kwa sababu mara nyingi alama ndizo pekee zinazoifikia ofisi.