Mtu akimwamini Kristo, nini hasa kinabadilika? Vijana wetu wawili wamekwama

tandika_jumuiya
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tuna vijana wawili waliookoka wiki tatu zilizopita. Mmoja anauza nafaka Tandika, alikuwa akipunja mizani, na sasa analalamika kwamba hasikii tofauti yoyote moyoni. Mwenzake yuko kwenye dozi ya methadoni Temeke, dawa ya kutibu uraibu wa heroini (unga). Anataka kuiacha kwa sababu Yesu ameshamponya. Tuwaelekezeje, hatua kwa hatua?

mwalimu_wa_ubatizo
Amina. Kwa huyo wa duka anzeni na neno lenyewe. Kuamini ni ndugu wa amana: amemkabidhi Kristo maisha yake, na amana haipimwi kwa namna mwenyewe alivyoamka leo. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo. Matendo mema yanatajwa mstari wa 10. Wengi huupindua mpangilio huo. Wanataka wajisafishe kwanza ndipo wapokelewe, wakiteleza Jumatano wanaona aibu kuja Jumapili, na huo ndio mwanzo wa kupotea. Kwa Zakayo (Luka 19) Yesu aliingia nyumbani kwanza. Habari za nusu ya mali na kurudisha mara nne zilikuja baadaye.

Sasa mizani. Waefeso 4:28 ina mambo matatu: aache kuiba, afanye kazi, apate cha kumpa mhitaji. Kuacha peke yake hakutoshi. Aipeleke mizani Wakala wa Vipimo ihakikiwe. Aandike wateja anaowakumbuka. Hesabu 5:7 inataka kiasi chenyewe na sehemu ya tano juu yake, kwa hiyo aliyepunjwa 50,000 arudishiwe 60,000. Wasiopatikana, fedha yao iende kwa wahitaji. Mtaji ukiwa mdogo alipe kwa awamu, na kila mmoja aambiwe tarehe yake. Asitangazie kanisani, aende kwa mwenye haki yake, ataje kosa bila kuongeza "hali ilikuwa ngumu". Na mkewe ajue kabla ya wateja, tafadhali.

nesi_mstaafu
Huyo wa pili ASIACHE DOZI. Nasema kama muumini. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Akiikata ghafla arosto itamshika: mwili kuuma, kuharisha, kukosa usingizi, na tamaa ya unga inayozidi yote. Hatari kubwa iko mbele zaidi. Akikaa bila dawa mwili unapoteza ustahimilivu, kisha akirudia kipimo chake cha zamani cha unga, pumzi inaweza kukata. Kama anataka kupunguza, daktari wa kliniki atashusha kidogo kidogo, kwa miezi. Paulo alisafiri na Luka na kumwita tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14). Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, na mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa kikombe kile kila asubuhi.

Ninyi jumuiya mna kazi pia. Mmoja amsindikize kliniki, mbadilishe njia isipite kwenye maskani ya zamani, na nauli alipiwe badala ya kupewa mkononi.

mzee_wa_kanisa_mbagala
Naongeza mawili tu. Msiwaahidi kwamba biashara itafunguka. Paulo aliwaandikia Wafilipi kuhusu furaha akiwa kifungoni. Aliyeahidiwa faida huondoka faida isipokuja. Pili, Wagalatia 5:22-23 inasema tunda, si matunda: upendo, uvumilivu, kiasi na mengine, yote tisa hukua pamoja, taratibu. Injili ya Marko ina sura 16. Sura moja kwa siku, wamemaliza kabla ya wiki tatu kwisha. Kila wiki wakutane na mtu mmoja mzima wa imani, wakiri walipoanguka (Yakobo 5:16). Mtu mmoja, si kikundi kizima, la sivyo wataficha.

tandika_jumuiya
Asanteni sana. Akiteleza akavuta tena, tumsimamishe ushirika?

nesi_mstaafu
Kwanza kliniki siku hiyo hiyo, na awaambie ukweli kabla ya kunywa dozi, maana unga juu ya methadoni ni hatari kwa pumzi. Msimwache peke yake usiku huo.

mwalimu_wa_ubatizo
Na Jumapili mpitieni nyumbani, mje naye.