Picha ya kifaru cha Vita vya Kagera: T-55, Type 59 au Type 62?

Kamachumu79
Wakuu, habari za jioni. Kuna mtu anauza picha mbili za zamani, nami nina hela ya kuchukua moja tu, ya kubandika kwenye maonyesho ya darasa la historia. Kila moja laki na nusu, hapunguzi hata mia. Ya kwanza ameandika "T-55 ya Idi Amin iliyotekwa 1979". Ya pili "Type 59 ya JWTZ". Mimi naona ni mapacha. Nichukue ipi? Jibu anataka Jumamosi.

FundiMinyororo
Sasa mkuu hapo tukusaidieje? Magurudumu mangapi upande mmoja? Kuna pengo kati ya lipi na lipi? Mtutu una uvimbe sehemu gani? Juu ya kichwa cha kifaru kuna nini? Nyuma ya picha kumeandikwa nini? "Mapacha" siyo maelezo.

Kamachumu79
Samahani mkuu. Zote magurudumu matano. Ya kwanza imepigwa kutoka mbele upande wa kulia, askari wawili wamekaa juu. Ya pili ni ubavu mtupu. Nyuma ya ile ya kwanza kuna maandishi ya penseli yamefutika.

BintiRubale
Kulia kwako wewe unayetazama, au kulia kwa dereva?

FundiMinyororo
Swali zuri hilo, alijibu. Wakati tunasubiri: Type 59 ni T-54A (kifaru cha Kisovieti kilichotangulia T-55) iliyotengenezwa China kwa leseni, kwa hiyo kuitofautisha na T-54A kwa picha ya mbali ni karibu haiwezekani. Kuitofautisha na T-55 inawezekana. Angalia juu ya kichwa, upande wa kulia kwa mbele, kabla ya mfuniko wa mpakiaji risasi. T-54 na Type 59 zina kifuniko cha feni pale, kama uyoga mdogo au bakuli lililogeuzwa. T-55 haina. Hiyo ndiyo alama ya kwanza, nyingine zote zifuate. Magurudumu usiyaamini, yanabadilishwa karakana, kifaru kimoja kinaweza kuwa na ya aina mbili. Pengo kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili linakwambia tu kwamba uko kwenye ukoo huo. Ukikuta mapengo makubwa yako nyuma, kati ya la tatu na la nne na kati ya la nne na la tano, hiyo ni T-62, habari nyingine kabisa.

KobeWaMutukula
Mnamchanganya tu. Amin alikuwa na T-55, Nyerere alikuwa na vifaru vya Mchina. Mwisho wa habari.

FundiMinyororo
Siyo mwisho. Vitabu vya hesabu za silaha vinaiandikia Uganda "T-54/55" kwa pamoja, na Walibya waliokuja kumsaidia Amin nao walileta za ukoo huohuo. Kwa hiyo uyoga peke yake unakuambia "siyo T-55", haukuambii mwenye kifaru. Na Amin alikuwa pia na Sherman, vifaru vya Kimarekani, alizopata kwa Waisraeli kabla hajagombana nao. Hizo hata mtoto anazitambua: gurudumu lenye meno liko mbele, magurudumu madogo sita yamefungwa mawili mawili. T-55 na Type 59 meno yako nyuma.

BintiRubale
Na mbona mmesahau Type 62, kile kifaru chepesi cha Mchina? JWTZ walikuwa nazo. Ni kama Type 59 iliyonyweshwa maji ya moto ikasinyaa: tani 21 badala ya 36, upana mita 2.86 badala ya 3.27, mzinga wa milimita 85 badala ya 100. Nayo ina magurudumu matano. Kwa picha ya ubavu angalia ule uvimbe wa kutolea moshi kwenye mtutu. Kwenye mzinga wa milimita 100 uko mdomoni kabisa, kwenye 85 umerudi nyuma kidogo na mtutu unaendelea mbele yake.

Kama picha imepigwa mbele kabisa, chukua rula. Mnyororo wa T-54/55 una upana wa sentimita 58. Pima mnyororo kwenye picha, pima upana wote wa kifaru, gawanya. Ukipata kama 5.6 uko sawa. Lakini picha ikiwa imekaa upande, hesabu hiyo inakudanganya, kwa sababu mnyororo ulio karibu na kamera unaonekana mkubwa kuliko ule wa mbali.

MzeeNegativu
Kabla ya rula, hakikisheni picha haijapinduliwa. Kuna moja ilishazua ugomvi wa wiki nzima humu. Bomba la moshi lilikuwa kulia, na taa za mbele kushoto. Watu wakaandika kurasa na kurasa: mara ni toleo la siri, mara mafundi wa jeshi walihamisha bomba, mmoja akachora hadi mchoro wa bomba jipya linavyopita. Mtu mmoja akauliza askari aliyesimama pembeni ana bunduki gani. Ilikuwa SMG (AK-47), na mkono wa kukokea uko kushoto. SMG mkono wake uko kulia, haijawahi kuwa vingine. Negativu iliwekwa upande wa nyuma juu wakati wa kusafisha, basi. Kwa ukoo huu: bomba la moshi kushoto nyuma, taa za mbele kulia, dereva kushoto. Vikigeuka vyote kwa pamoja, geuza picha. Kikigeuka kimoja tu, hapo ndipo uanze kufikiria fundi.

Hayo maandishi ya penseli usiyafute kwa kifutio wala maji. Zima taa za chumba, laza tochi pembeni mwanga uteleze juu ya karatasi, piga picha nne kutoka pande nne. Penseli huacha mfereji.

Kamachumu79
Kulia kwa dereva. Na mmoja wa hao askari ana bunduki ndefu yenye singe iliyokunjwa chini ya mtutu.

KobeWaMutukula
Hiyo SAR (SKS). SAR ni ya JWTZ. Kwa hiyo kifaru ni chetu, chukua hiyo.

BintiRubale
Au ni askari wetu waliopanda juu ya kifaru walichoteka, kama muuzaji alivyoandika. Bunduki inamtambulisha askari, haikitambulishi kifaru.

KobeWaMutukula
Dada, basi hakuna kinachotambulisha chochote. Mbona kwenye saba saba, ile mizinga ya roketi, hamsumbuki hivi?

FundiMinyororo
Hata saba saba watu wanakosea. BM-21 ina mabomba 40, safu nne za kumi, milimita 122, imekaa juu ya lori la Ural. Wengine wanaita hivyohivyo ile ya Mchina ya kukokotwa, milimita 107, mabomba 12. Hesabu mabomba.

MzeeNegativu
Rudini kwenye kifaru jamani. Uyoga upo au haupo?

Kamachumu79
Askari mmoja amekalia hapohapo.

MzeeNegativu
Muombe muuzaji aiskani kwa dpi 1200, siyo picha ya WhatsApp, atume kama faili. Tutazame kati ya miguu yake.

Kamachumu79
Anasema ili askani, kwanza nilipe nusu.