Tupeane uzoefu: funguo za dharura zilizobaki kwa watu wasiohusika

Mleta uzi (Dar)

Wakuu, naanza kwa kujitaja. Juu ya kabati la jikoni kwangu kuna kopo la biskuti, ndani yake funguo kumi na nne kwenye waya mmoja, na hata moja si yangu. Nilikuwa msimamizi wa jengo la ghorofa nane maeneo ya Upanga. Humo kuna wa mlango wa paa, wa chumba cha jenereta, wa kufuli la geti la nyuma lililotengwa kwa ajili ya gari la zimamoto, na ule wa pembetatu unaofungua milango ya lifti.

Niliondoka kwa ugomvi wa mshahara. Nilidai changu, wao wakanidai kompyuta ya ofisi mpaka tukafikishana kwa wakubwa. Funguo hakuna aliyeziulizia. Huu mwaka wa pili. Juzi mwanangu wa darasa la nne kapanda kiti, kazishusha, anazichezea sebuleni kama manyanga. Ndipo nikashtuka.

Kuna mwenye kisa kama hiki? Usione aibu, tuko wengi.

Mdau wa Bronx

Mkuu huku ungekuwa na kesi. Mimi nilikuwa mtunza jengo New York, nikakuta mtangulizi wangu ameacha kwenye droo funguo tatu zenye namba 1620. Huo ni wa wazima moto. Ukiuzungusha pale chini, lifti zinaacha kusikiliza watu waliobonyeza huko juu, zinashuka zote mpaka chini, kisha mwenye ufunguo anaiendesha yake mwenyewe. Ufunguo ni wa namna moja kwa majengo mengi sana, maana zimamoto hawezi kufika kwenye moto akaanza kujaribu mmoja mmoja.

Mwaka 2012 gazeti la New York Post lilinunua seti ya funguo za aina hiyo kupitia eBay, lile soko la mtandaoni, kwa dola 150, muuzaji fundi funguo aliyestaafu. Mji ukachafuka, sheria ikakazwa kwa wanaouza na wanaokaa nazo bila kibali. Lakini fikiria: mamia ya watunza majengo, mafundi lifti, wastaafu, kila mmoja na droo yake. Sheria haiingii kwenye droo. Zangu tatu nilizipeleka kwa kampuni ya usimamizi. Yule dada wa mapokezi akazitupia kwenye kikombe cha kalamu.

Dada wa Leicester

Mimi nilisambaza chakula kwa baiskeli majira ya baridi mawili. Hapa Uingereza milango mingi ya nje ya maghorofa ina tundu dogo la duara karibu na vitufe vya kengele. Zimamoto ana kijiti cha chuma chenye ncha inayoanguka ikishaingia ndani, anazungusha, mlango umeachia. Kinauzwa mtandaoni kwa pauni chache tu, hakuna anayekuuliza wewe nani.

Binamu yangu alinipa chake. Nisiseme uongo, kiliniokoa na mvua mara nyingi, maana wateja wengine hawapokei simu hata ufanyeje. Siku moja nimeingia, nikakutana na bibi mmoja wa kizungu ngazini. Akaniuliza kwa upole tu, nani amekufungulia mwanangu? Nikakosa jibu. Akarudi nyuma, akaingia kwake, nikasikia anafunga komeo la kwanza, la pili, la tatu. Nilimrudishia binamu kijiti chake usiku uleule. Yeye bado anacho, na anasema mimi nimejifanya mtakatifu.

Mdau wa Tudor, Mombasa

Nyie mwalalamika funguo zimezidi, sie twalia hazipo. Jengo tulilokuwa na ofisi, mlango wa dharura ulitiwa mnyororo na kufuli kwa kuwa vijana walikuwa wapitia huko wakiiba betri. Ufunguo alikuwa nao bawabu mmoja. Siku transfoma ilipolipuka nje na moshi ukaingia, tulishuka mbio hadi mlangoni, kufuli latutazama. Bawabu kaenda swala ya Ijumaa. Tulirudi juu, tukapita mlango wa mbele tukiwa tumejifunika leso. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia.

Baadaye kila ofisi ikachonga nakala yake. Ofisi kumi na moja, nakala kumi na moja, na tangu wakati huo nusu ya ofisi zimehama. Hebu nambieni zile nakala ziko wapi. Mlango wa dharura hautakiwi ufunguo kwa ndani asilani, watakiwa kusukumwa tu, lakini kitasa cha kusukuma ni ghali na mnyororo ni rahisi.

Fundi lifti, Nairobi

Mleta uzi, hizo zingine sijui, lakini huo wa pembetatu utoe kwa nyumba leo. Watu hudhani ni ufunguo wa kuingia lifti. La, ni ufunguo wa kufungua mlango hata kama lifti haiko hapo. Nimeitwa kwa jengo moja ambapo stima ilipotea, askari akasikia watu wanagonga, akachukua ufunguo, akafungua ghorofa ya nne na kupiga hatua gizani. Lifti ilikuwa imekwama ya pili. Alivunjika mguu na nyonga, na wale waliokuwa ndani ndio walimsikia akianguka juu yao.

Sisi tunazima umeme wa lifti kwanza, tunamulika, tunajua iko wapi, ndio tufungue, tena kidogo kidogo. Mtu asiyefunzwa asiushike, hata akiwa na roho safi.

Fundi funguo, Kariakoo

Natia neno. Wananiletea funguo zimeandikwa kabisa zisinakiliwe. Nachonga. Nisipochonga mimi, wa meza ya pili atachonga. Maandishi hayazuii kitu. Kinachozuia ni ufunguo ambao umbo lake ghafi, yaani kile kipande kisichochongwa bado, halipo sokoni. Kama jengo lenu linatumia kufuli la kawaida, hesabuni kwamba nakala zipo.

Mleta uzi (Dar)

Nawashukuru. Leo asubuhi nimekwenda pale Upanga na waya wangu. Msimamizi mpya kijana mstaarabu, kanipa kiti na soda. Tukajaribu pamoja. Kumi na mbili bado zinafungua, likiwemo geti la zimamoto, ila hilo halisogei maana kuna mtu ameegesha gari bovu mbele yake. Nikamwambia basi pokea, uandike kwenye daftari, nisaini.

Daftari hakuna. Wa pembetatu kauchukua, baada ya kumsomea maneno ya fundi wa Nairobi. Zilizobaki akazipima mkononi, akanirudishia. "Kaa nazo tu mzee, za kwangu huwa nazisahau nyumbani. Kukitokea la kutokea tutakupigia."

Nimerudi nazo. Nimeliweka kopo juu zaidi.