Kupeleka sufuria ya umeme Dar, adapta inatosha?

Habari ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nataka kumpelekea mama sufuria ya umeme ya kupikia wali, nimenunua huku Minneapolis, chini imeandikwa 120V 60Hz 600W. Muuzaji kaniambia chukua adapta tu basi. Ni kweli? Naondoka Ijumaa.

----

Marahaba mdogo wangu. Usiipakie kwanza. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu ili iingie kwenye soketi ya kwetu ya matundu matatu, umeme wenyewe haiugusi, utakaoingia ni ule ule wa Dar wa volti 230 na huku tuna 120.

Mimi yalishanikuta. Nilimpelekea dada yangu Tanga sufuria kama hiyo hiyo, tukaweka mchele na maji nikabonyeza, mwanzoni tukafurahi maana maji yalichemka upesi ajabu, hazijafika dakika tano harufu ya plastiki inaungua jiko zima, kuigeuza chini peusi tii. Lakini fyuzi ya plagi, ile inayokatika umeme ukizidi, ilibaki nzima! Hilo liliniuma mpaka nikakaa chini na kalamu.

Volti ni msukumo, kama tangi la maji ukilipandisha juu ya mnara presha inaongezeka. Ampia ni kiasi cha umeme kinachopita. Wati 600 gawa kwa volti 120, inapita ampia 5. Sasa ule waya wa kupasha moto haujabadilika, ukiongeza msukumo karibu mara mbili na ampia zinapanda karibu mara mbili, zinafika 9 na nusu hivi. Na wati ni volti mara ampia, vyote viwili vimepanda, kwa hiyo joto haliwi mara mbili, linakuwa karibu mara nne, kama wati 2,200 kwenye kitu kilichotengenezwa kwa 600. Fyuzi ile ni ya ampia 13, kwake 9 na nusu ni mzigo wa kawaida, inapitisha tu.

Chaja za simu na laptop hazina shida, soma yale maandishi madogo, ukikuta 100-240V 50/60Hz hapo adapta inatosha.

----

Asante sana kaka, umeniokoa. Ila nina swali, winta hii nikishika kitasa cha mlango napigwa shoti mpaka cheche naiona, wanasema ni volti maelfu. Mbona mimi mzima na 230 inaua?

----

Swali zuri sana hilo. Winta hewa ya ndani ni kavu, ukitembea na soksi kwenye kapeti elektroni zinahama, mwili unabaki na chaji iliyokaa tu haina pa kwenda, ukigusa chuma inaruka. Msukumo ni mkubwa kweli ila chaji yenyewe ni kiduchu, kufumba na kufumbua imeisha. Soketi haiishiwi, nyuma yake kuna mitambo inasukuma muda wote mpaka mtu auzime au aanguke. Ukitaka shoti isikuume gusa kitasa na ufunguo kwanza, cheche itarukia hapo badala ya kidole.

Na watoto waambie mapema tafadhali, wa kwangu walizoea kuchezea shoti za kapeti wanacheka, tulipofika likizo nyumbani nikamkuta mdogo anapeleka kidole kwenye waya uliochubuka wa pasi, akijua ni mchezo ule ule. Mikono ilinitetemeka siku nzima.

Hiyo sufuria irudishe kabla ya Ijumaa kama risiti unayo, Kariakoo za 230 zipo tele, mama atachagua mwenyewe.