Naomba ushauri: je, katika Kabala sala huelekezwa kwa Mungu au kwa Sefiroti?

Mwanafunzi wa Dini:
Ndugu wanajamvi, naandaa insha juu ya maana ya sala katika Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Nasoma kwamba Mungu, anayeitwa Ein Sof, hana mwisho, habadiliki wala hafikiwi na fikra. Halafu naambiwa kuwa sala huziunganisha Sefiroti kumi ambazo kwazo Yeye hujidhihirisha. Ikiwa habadiliki, sala inatenda nini? Na kuelekeza kila ombi kwenye Sefira yake (yaani mojawapo ya Sefiroti) si kumgawanya Mungu ambaye Shema, ungamo la imani la Kiyahudi, humtangaza kuwa mmoja? Nimeshauriwa nianze na Isaac Luria, mwalimu wa Kabala wa karne ya 16, lakini mafundisho yake yamenielemea.

Msomaji wa Zamani:
Luria mweke kando kwanza. Swali lako la pili liliulizwa kabla hajazaliwa, tena kwa ukali: Rabi Isaac ben Sheshet, aliyefariki mwaka 1408, anasimulia kejeli ya mtu mmoja kwamba Wakristo huamini watatu na Wakabala huamini kumi. Alipomuuliza Don Joseph ibn Shoshan, mzee mjuzi wa Kabala, alijibiwa kuwa sala yote humwendea Mungu peke yake, ila mwenye kudai haki humwomba mfalme amwagize hakimu, na mwenye kuomba zawadi humwomba amwagize mtunza hazina. Ben Sheshet alilisifu jibu hilo, lakini mwenyewe aliona ni heri kumwomba Mungu moja kwa moja kwa nia safi, kwa kuwa Yeye ndiye ajuaye njia ya kulitimiza ombi.

Binti wa Pwani:
Kuhusu swali la kwanza, tofautisha Ein Sof na mtiririko wa baraka utokao kwake. Katika Zohar, kitabu kikuu cha Kabala kilichojitokeza Castile, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, kinachovurugika ni uhusiano kati ya Sefiroti, hasa pale Shekina, Sefira ya mwisho iliyo uwepo wa Mungu ulimwenguni, anapotengwa na Tiferet, Sefira ya katikati. Sala yenye kavana, yaani nia iliyokusanywa, huwarudisha pamoja na baraka zikashuka ulimwenguni. Luria, aliyefundisha Safed, mji wa Galilaya, hadi alipofariki mwaka 1572, alipanua wazo hilo: vyombo vya nuru vilivunjika tangu mwanzo wa uumbaji, na mwenye kusali huinua cheche zilizotawanyika. Yeye aliandika machache sana, kwa hiyo utakayemsoma hasa ni mwanafunzi wake Hayyim Vital.

Mwanafunzi wa Dini:
Nashukuru sana. Lakini basi mgonjwa anayeomba kupona amesahauliwa?

Msomaji wa Zamani:
Hapana. Amida, sala kuu ya Kiyahudi, ya siku za kawaida bado ina baraka ya uponyaji, ya nane, ikifuatwa na ile ya riziki, na Wakabala hawakuziondoa. Dov Ber wa Mezeritch, kiongozi wa Wahasidi (vuguvugu la uchaji la Kiyahudi) aliyefariki mwaka 1772, alifundisha kuwa upungufu wa mtu ni alama ya upungufu wa Shekina, hivyo aombe kwa ajili ya Shekina. Kwa maoni yangu fundisho hili ni zito kwa mtu aliye katika maumivu, na insha yako ingefaa iseme hivyo. Soma kwanza baraka hiyo ya nane yenyewe, kisha ufafanuzi wa Wahasidi, ndipo umrudie Vital.