Negativu za rangi zinatoka samawati baada ya kugeuzwa

picha_nakuru: Wakuu, habari za jioni. Nina negativu za rangi za milimita 35: harusi, na heroe wa Ziwa Nakuru. Nimeskani kwa dpi 2400 (nukta kwa inchi), nikahifadhi JPEG, nikageuza rangi kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Zote samawati. Nikilazimisha gauni la bibi harusi liwe jeupe, vivuli vinakuwa kijani. Ni hatua gani inakosekana?

chumba_cha_giza (Kisumu): Msingi wa filamu hiyo una rangi ya machungwa, na machungwa ikigeuzwa inakuwa samawati. Iondoe kwanza, ndipo ugeuze.

Rudi kwenye skana. Iambie filamu ni pozitivu (yenye rangi halisi) ili isikugeuzie yenyewe, zima marekebisho yote ya otomatiki, weka biti 16 kwa kila rangi, hifadhi TIFF. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na negativu hukalia sehemu ndogo ya hizo. Ukizitanua, anga linatoka mistari mistari. Dpi 2400 inatosha, ni kama pikseli 3400 kwa 2270. Usikate ule ukanda mtupu ulio kati ya fremu na fremu.

Kwenye GIMP, chukua rangi ya ukanda huo kwa zana ya kuchagua rangi, jaza nayo tabaka jipya juu ya picha, weka modi ya kugawanya. Msingi utakuwa mweupe. Unganisha matabaka, geuza, sasa kata kingo zote. Kisha fungua Levels (dirisha la kurekebisha mwangaza) na ushughulikie nyekundu, kijani na samawati moja moja, ukivuta ncha mbili hadi pale histogramu (grafu ya mwangaza) inapoanza na kuishia. Vivuli vyako vya kijani vinatibiwa hapa: kila rangi ya filamu ina ukali (kontrasti) wake, kwa hiyo sahihisho moja la weupe haliwezi kuzitosheleza zote tatu.

ufuo_wa_soda: Kama ni roli nzima, tumia darktable, programu ya picha ya bure. Moduli inaitwa negadoctor: pima rangi ya msingi kwenye ukanda mtupu, weka D max (upana wa mwanga na giza wa filamu), halafu sahihisha vivuli na sehemu angavu kando kando. Zima kwanza moduli ya filmic au sigmoid, zinazobadili mwangaza wa picha. Rangi ya msingi ukishaipata, inakili kwa fremu zote za roli hiyo.

picha_nakuru: Asanteni sana. Na heroe? Waridi yao inafifia.

ufuo_wa_soda: Usahihishaji wa weupe wa otomatiki ndio unaoila, kwa sababu fremu imejaa waridi na programu inadhani ni kasoro. Pima kwenye magadi ya ufuoni, au nakili sahihisho la fremu ya harusi ikiwa ni roli ileile na mwanga ni wa jua.

chumba_cha_giza (Kisumu): Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira kabla ya kuskani. Usafishaji wa infraredi unafaa kwa hizi za rangi, lakini uzime ukifika kwenye filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe: fedha iliyomo huzuia infraredi, na skana itafuta sehemu za picha ikidhani ni uchafu.