Wikiendi ya kwanza mashambani majira ya majani kupukutika: tujipange vipi?

MtotoWaLami
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa ghorofani tangu kuzaliwa, usingizi wangu hauji vizuri mpaka nisikie magari yakipita chini. Sasa shemeji yenu kaona picha za misitu iliyogeuka njano na nyekundu, basi, imekuwa wimbo kutwa. Mwishoni mwa Oktoba tunakwenda mashambani, Ijumaa hadi Jumapili. Nyumba keshaipata: ya mbao, ndogo, iko bondeni pembeni ya msitu, ina jiko la kuni, na jirani wa karibu yuko kilomita mbili. Tutakuwa mimi, yeye na kijana wetu wa miaka saba.

Mpango nilioupanga: Ijumaa nikitoka kazini tunaingia barabarani, tunafika usiku. Jumamosi asubuhi tunapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba, kwenda na kurudi kama kilomita 18. Tukishuka tunachuma uyoga, nimeshapakua programu inayoutambua kwa picha. Jioni tunachoma nyama nje, na mvua ikija jiko la mkaa tunaliingiza kwenye ile baraza yenye vioo. Jumapili tunapita ziwani halafu tunarudi.

Naomba mawazo. Nguo gani tubebe, nini nisisahau, na kama kuna mahali nimepotea semeni tu, sinuni.

MzeeWaKuni
Kijana, karibu mashambani. Nitaanza na jiko la mkaa kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri. Mkaa hauingii ndani. Iwe baraza ya vioo, iwe hema, iwe jikoni na dirisha limefunguliwa, hauingii. Hata ule unaoonekana umezimika na umebaki majivu bado unatoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, akadhani ni uchovu wa safari au mafua, akajilaza. Hapo ndipo watu hawaamki. Ukiona wote ndani mmeanza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Mvua ikinyesha, nyama pikeni jikoni.

Jiko la kuni ni jambo jingine, hilo lina dohani. Lakini uliza dohani ilisafishwa lini, na jifunze mlango wa hewa uko wapi kabla hujawasha. Tumia kuni kavu tu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na masizi yake hujenga ukoko ndani ya dohani unaoweza kushika moto. Majivu usiyatie kwenye mfuko wa plastiki au boksi. Yanaficha makaa ya moto kwa siku kadhaa, kwa hiyo yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta wa mbao. Na nunua kile king'ora kidogo cha betri cha kaboni monoksaidi, ukibebe kwenye begi. Usitegemee cha mwenye nyumba.

KakaMkubwa
Mzee, umemtisha mwenzetu mpaka atabaki mjini 😂 Mkuu, nenda kapumzike. Vaa jinzi, fulana na koti, mambo yataenda.

SindanoNaUzi
KakaMkubwa, kwa jinzi hapo nakukatalia. Pamba ikilowa haikauki upesi, inakushikia maji mwilini, na upepo ukipiga unatetemeka hata kama joto ni nyuzi 10. Mwili hupoa bila kuhitaji barafu, mvua na upepo vinatosha.

MtotoWaLami, vaeni tabaka. La ndani liwe sufu nyembamba au kitambaa cha michezo, juu yake sweta, juu kabisa koti lisilopitisha maji. Mkipanda mlima vueni sweta kabla hamjatoka jasho, mkisimama kula mlirudishe upesi. Mtoto mbebee seti nzima ya akiba, soksi mbili zikiwemo, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Ataingia kwenye dimbwi, hilo usiwe na shaka nalo. Viatu viwe vya soli yenye meno, kwa sababu majani yaliyolowa juu ya mawe na mizizi yanateleza kuliko matope yenyewe.

Halafu umesema nyumba iko bondeni. Mchana, kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyoshuka, karibu nusu nyuzi au zaidi kidogo kwa kila mita 100. Ila usiku wa anga safi na utulivu mambo hugeuka: hewa baridi ni nzito, hutelemka na kujikusanya bondeni. Asubuhi mtaamka na sakitu kwenye nyasi na ukungu mzito, huku kileleni jua linawaka. Ukungu wa namna hiyo mara nyingi huondoka jua likipanda, msiahirishe siku kwa ajili yake. Kunyweni chai taratibu, mtoke saa nne.

NyotaYaJioni
Nakubaliana na yote, ila kwangu shida kubwa ya mpango huu ni mwanga. Baada ya ile siku ya tarehe 22 au 23 Septemba usiku na mchana vinapolingana, katika nchi za kaskazini usiku unakuwa mrefu kuliko mchana, na Oktoba mchana unazidi kupungua kwa kasi. Halafu kama uko Ulaya, angalia kalenda: saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ikiangukia wikiendi yenu, jua litakalozama Jumamosi karibu na saa kumi na mbili, Jumapili litazama karibu na saa kumi na moja. Bondeni kilima kinalificha jua mapema zaidi, na ndani ya msitu giza linaingia wakati nje bado kuna mwanga.

Sasa kilomita 18. Kuna kanuni ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892, na watu wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilima chako kikiwa na mita 600, hiyo ni zaidi ya saa nne na nusu, na Naismith alikuwa anahesabu watu wazima wenye nguvu wasiosimama. Mtoto wa miaka saba anasimama kwa kila konokono. Kata iwe kilomita sita au saba, na mkubaliane mapema saa ya kugeuka, tuseme saa nane mchana, popote mtakapokuwa. Kileleni msipofika basi.

Tochi za kichwani ziwe tatu, pamoja na ya kijana. Ramani ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka, na simu uiweke mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu betri huisha haraka kwenye baridi.

UyogaSiUtani
Nimeona "programu inayoutambua kwa picha" nikaweka kikombe chini.

Mkuu, uyoga unaoitwa Amanita phalloides ndio unaosababisha vifo vingi zaidi vya uyoga duniani, na unaota majira hayo hayo. Waliopona husema ladha yake ni nzuri. Kuupika hakuondoi sumu, wala kuukausha. Dalili huchelewa, saa sita hadi kumi na mbili au zaidi, kwa hiyo unalala ukiwa mzima. Baada ya kutapika na kuharisha mtu hupata nafuu, akadhani yameisha, kumbe ini ndilo linaharibika. Programu inaona picha ya kofia kutoka juu. Haioni kile kikombe cha shinani kilichofukiwa chini ya ardhi, hainusi, wala haijui uyoga umeota karibu na mti gani.

Mkimpata mwenyeji aliyekulia kwenye kazi hiyo, afuatane nanyi na aangalie kila kimoja kwa mkono wake, sawa. Vinginevyo pigeni picha tu. Kijana atafurahi vilevile, uyoga mwekundu wenye madoadoa meupe anautazama bure.

KakaMkubwa
Haya, hilo la uyoga sina ubishi. Ila mimi naongeza la barabara, maana nazijua. Ijumaa usiku, umechoka, njia huijui, ukungu, majani yamelowa kwenye kona, na Oktoba hadi Novemba kulungu wako kwenye msimu wa kupandana, wanavuka barabara machweo na alfajiri bila kutazama kushoto wala kulia. Akivuka mmoja usikanyage mafuta, nyuma kuna mwingine. Omba ruhusa mchana muondoke mapema mfike kukiwa bado na mwanga, au mlale mjini mtoke Jumamosi alfajiri kukipambazuka. Nyumba ya mbao porini haitafutwi gizani, hata namba ya mlango hutaiona.

MtotoWaLami
Wakuu nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nafuta mpango mmoja baada ya mwingine 😅 Mkaa nje tu. Uyoga picha tu. Kilima nusu. Ijumaa nimeomba kutoka saa saba mchana, bosi kakubali.

Maswali mawili. Shemeji yenu anauliza kama kuna wanyama wa kuogopa. Na mimi nauliza, giza likiingia saa kumi na moja na nusu, hakuna televisheni, huyu mtoto nitamfanya nini mpaka saa tatu?

MamaKibarua
Mwambie shemeji wa kuogopwa ni mdogo kuliko punje ya mtama. Kupe hawajalala bado Oktoba, wako kwenye nyasi ndefu na majani makavu. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, na jioni kila mtu akaguliwe kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, na mtoto kichwani penye mpaka wa nywele. Ukimkuta ameganda, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma moto. Wiki zinazofuata, ukiona duara jekundu linalopanuka pale alipouma, nenda hospitali useme uliumwa na kupe. Ugonjwa wa Lyme, ambao kupe huuambukiza, unatibika vizuri ukiwahiwa.

La pili hamjalitaja: katika nchi nyingi huu ni msimu wa uwindaji. Muulize mwenye nyumba wanawinda siku gani na upande gani, na vaeni kitu cha rangi ya chungwa kali, mtoto hasa. Koti la kahawia msituni Oktoba si zuri.

Mageti ya wakulima yaacheni mlivyoyakuta, lililofungwa lifungeni, lililo wazi liacheni wazi. Ng'ombe wenye ndama mzungukeni kwa mbali. Basi.

Sauti za usiku mwandalie kijana mapema. Bundi wanalia sana majira hayo, na dume la kulungu likinguruma gizani mtu mzima wa mjini anaweza kupiga simu polisi. Akishajua ni nani anayelia, atakuwa anasubiri kumsikia.

NyotaYaJioni
Kuhusu jioni ndefu, hapo umepata bahati, hujapata shida. Kiangazi mtoto angekuwa amelala kabla nyota hazijatoka. Zimeni taa zote, mkae nje dakika 20 hadi 30 bila kuangalia simu ili macho yazoee. Mkihitaji tochi, ifungeni kitambaa chekundu. Anga likiwa safi na hakuna mwezi, kuna kidoa hafifu cha ukungu kinaonekana juu kwa macho matupu: ile ni galaksi ya Andromeda, na mwanga wake uliondoka huko takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Vimondo vya Orionidi hufika kileleni karibu na tarehe 21 Oktoba, ni vumbi la nyotamkia ya Halley, ila vizuri zaidi huonekana baada ya usiku wa manane, mtoto mwache alale. Angalia mwezi kabla ya kuchagua tarehe, mwezi mpevu utafuta karibu vyote hivyo.

Mchana akusanye majani. Atauliza kwa nini yanabadilika, jiandae: mchana ukifupika mti unaacha kutengeneza ule ukijani, ukijani unavunjika, na njano iliyokuwa imejificha chini yake muda wote inajitokeza. Nyekundu si hivyo, hiyo hutengenezwa upya, na inakolea zaidi siku zikiwa za jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha.

Na hapo niseme ukweli mmoja: mwishoni mwa Oktoba sehemu nyingi za juu na za kaskazini majani yameshaanguka. Upepo mkali wa usiku mmoja unaweza kumaliza yote. Mwombe mwenye nyumba picha ya wiki hii, asikutumie ya mwaka juzi.

MtotoWaLami
Kanitumia. Njano imekolea, nyekundu inaanza. Shemeji yenu kasogeza safari iwe wiki moja mapema zaidi, kwa hiyo hata hilo la kurudisha saa tumelikwepa. Mwenye nyumba anasema kuni ziko bandani kama mita 40 kutoka mlangoni, mtandao hakuna ndani, unapatikana getini tu.

MzeeWaKuni
Basi mkifika, kabla ya kufungua mabegi, ingiza ndani kuni za usiku mzima na za asubuhi, na uzipange mbali na jiko. Andika kwenye karatasi anwani kamili ya nyumba na namba ya dharura ya huko, ubandike mlangoni. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Shemeji naye ajue kwamba simu inapigwa kutoka getini. Tochi moja ilale kwenye msumari wa mlangoni, isihamishwe.

MtotoWaLami
Nimeelewa Mzee. King'ora nimeshaagiza.